"Nimekumisi", "nimekukosa" au "nimekukumbuka"?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu anasoma nje ya nchi na kila akiniandikia husema "nimekumisi mama". Juzi nikamjibu "nami nimekukosa sana mwanangu". Akanicheka, eti nimekosea. Je, hilo "misi" ni Kiswahili? Limetoka wapi, na sisi wenyewe tunasemaje? (Mama, Morogoro)

JIBU: Mama, binti amecheka kwa haki, ila na yeye ana lake la kujibu. Wewe ulifanya alichofanya kila mwanafunzi wa tafsiri: ulichukua "miss" ya Kiingereza, ukaitafutia pacha, ukamkuta "kosa". Na kweli hao ni mapacha, isipokuwa mahali pamoja tu, na hapo ndipo ulipoteleza.

"Miss" ilianza na shabaha. Katika Beowulf, utenzi mkongwe wa Kiingereza ambao nakala yake pekee ya kale iliandikwa karibu mwaka 1000 na sasa imehifadhiwa London, mwana wa mfalme aitwaye Hæthcyn anavuta upinde, anakosa shabaha, na mshale unamwua kaka yake Herebeald. Kitenzi kilichotumika pale ni "miste", babu wa "miss" ya leo. Ukoo wake ni mpana: Waholanzi wana "missen", Wajerumani "vermissen", na kile kipande "mis-" cha mwanzo wa neno kama "misdeed", yaani tendo ovu, kimetoka humohumo. (Lile "Miss" la mabinti wa mashindano ya urembo halimo katika ukoo huu, hilo ni kifupi cha "mistress".)

Sasa tazama "kosa" letu. Mwindaji hukosa shabaha. Risasi humkosa mtu. Mtaka yote hukosa yote. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na kutoka hapo tukapata kosa, makosa, mkosaji, kukosea. Lugha mbili zisizo na udugu wowote zimepita njia ileile: kutolenga, kutopata, kisha kutenda vibaya. Mimi jambo hili hunifurahisha kila ninapolifundisha.

Lakini mwishoni mwa karne ya 15 Waingereza walipiga hatua moja zaidi. Asiyekipata kitu hubaki na pengo, na pengo huuma. Basi "miss" ikaanza kubeba maumivu ya kutokuwa na mtu unayempenda. "Kosa" haikwenda huko. Ukisema "nilikwenda kwa shangazi nikamkosa", tunaelewa kwamba ulibisha hodi, hakuwepo, ukarudi. Huenda hata hukusikitika. Kwa hiyo binti aliposoma "nimekukosa sana", alichoona ni mama aliyemtafuta bila kumpata, labda simu ilikuwa haipatikani. Najua wapo wanaoitumia kwa maana ya kumisi, nami naisikia mara kwa mara, hasa kwa waliozoea kufikiri kwa Kiingereza. Siipendi. Imekaa jirani mno na "nimekukosea", na irabu moja ikiongezeka, salamu inageuka maungamo.

Maumivu hayo Kiswahili kiliyagawa kwa maneno mengine. Lipo "hamu", lililotoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya wasiwasi na majonzi, nasi tukalifanya la kutamani: nina hamu nawe, nina hamu ya kukuona, nina hamu na dagaa wa Mwanza. Lipo "shauku", la Kiarabu pia, zito kidogo na lenye harufu ya ushairi. "Kutamani" nakushauri uliache. Kumwambia mtu "nimekutamani" ni habari nyingine kabisa, na mama hamwambii mwanawe hivyo.

Hamu, hata hivyo, hutazama mbele. Mwenye hamu anangoja kupata. Je, aliyefariki? Huwezi kusema una hamu ya kumwona marehemu bila watu kukutazama mara mbili. Hapo ndipo "kukumbuka" inapochukua kazi. Fungua gazeti lolote kwenye kurasa za kumbukumbu: "Unakumbukwa daima na mkeo, watoto na wajukuu." Kukumbuka huko si kwa akili tu, kama mtu akumbukavyo alikoweka funguo. Ni moyo unaorudi kwa mtu. Na kwa walio hai ni vilevile: "nimekukumbuka sana" kinywani mwa bibi ni "I miss you" iliyokamilika, haihitaji nyongeza.

Tena mara nyingi hatujisemi sisi, tunamlaumu aliyekosekana. Umepotea! Umetutupa! Umeadimika kama wali wa daku! Mgeni anayejifunza Kiswahili hudhani anagombezwa, kumbe anaambiwa kwamba alipendwa na hakuonekana. Tabia hii ya kumgeuza mtendaji ipo hata barabarani: Mwingereza hu-"miss" basi, lakini sisi basi limetuacha. Kosa ni la basi.

Haya, na "misi"? Kwa mazungumzo na ujumbe wa simu, neno limeshaingia, na limeingia kwa adabu. Angalia binti yako anavyosema: nimekumisi, si lazima "ninakumisi". Kiingereza hutumia wakati uliopo hapo. Binti ametumia "-me-" kama katika nimechoka, nimeshiba, nimenuna, yaani hali iliyomfika na angali nayo. Hiyo ni sarufi ya Kiswahili tupu juu ya neno la kuazima. "Nakumisi" nayo ipo, wanaimba hata kwenye nyimbo, lakini sikio langu linaona ile ya kwanza ina mizizi zaidi. Tayari tunanyambua: tumemisiana. Kwa sababu linaishia na "i", katika kukanusha halibadiliki, na hapo linazaa kijitatizo: "sikumisi" inaweza kuwa "wewe sikumisi" leo, au "sikumisi mtu" jana. Ni ugonjwa uleule wa "sikujibu", na tumeishi nao miaka mingi bila ugomvi.

Kwenye insha ya mtihani, barua rasmi au tangazo la msiba, lisitumike. "Feli" na "pasi" nazo zilikuja kutoka Kiingereza zikapata uraia, kwa sababu shule ziliwahitaji kila siku. "Misi" imekuta nyumba ina wenyewe: hamu, shauku na kukumbuka wote bado wanafanya kazi. Sioni sababu ya kuwafukuza, wala ya kumkataza binti ujumbe wake wa usiku.

Akikuandikia tena "nimekumisi mama", usimjibu kwa "kosa" wala usimsahihishe. Mwandikie: "Nami nimekukumbuka mwanangu, nyumba imepooza."