Nilitumia fedha za amana nikazirudisha, kisha zikaibiwa: je, nalipa?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Rafiki yangu aliposafiri aliniachia fedha taslimu nimtunzie. Nikazifungia kabatini. Siku moja nilibanwa, nikachukua robo yake bila kumwambia. Mshahara ulipoingia nikarudishia palepale, kwenye bahasha ileile. Baadaye wezi wakavunja nyumba wakabeba zote. Yeye ananionyesha karatasi niliyosaini kwamba "litokee lolote, nitalipa". Je, nadaiwa?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Tuanze na hiyo karatasi, maana naona ndiyo inayokukosesha usingizi, na kumbe si yenyewe inayokudai. Aliyewekewa amana bila malipo ni mwaminifu kwa mwenye mali: ikipotea bila yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi. Sharti la kulipa kwa hali yoyote ile, wanazuoni walio wengi wamelibatilisha kwa kuwa linapingana na asili ya amana. Lau ungeziacha kama zilivyo nyuma ya kufuli lako, ungeapa kuwa zimeibiwa na hukuzembea, na maneno yako yangekubaliwa.

Lakini ulizigusa. Ile robo uliyoitumia ilikuwa deni tangu saa ile. Kwa madhehebu ya Shafi, noti ulizozirudishia ni mali yako bado, haziwi za rafiki yako mpaka azipokee yeye au wakala wake. Na kwa kuwa umezitia katika bahasha moja na zake, hakuna awezaye kujua ipi yako na ipi yake, dhamana, yaani wajibu wa kulipa, imeenea kwenye fedha zote. Wahanafi, madhehebu mengine, nao katika sura hii ya kuchanganya wanafika hapohapo. Wamaliki wana njia nyepesi zaidi: ukirudisha mfano wa ulichochukua, umetoka katika dhamana. Ila usiikimbilie haraka, kwani wao haohao wanamharamishia asiye na kitu kukopa katika amana, nawe umesema mwenyewe ulibanwa.

Ninaloliona ni kwamba ulipe zote. Nia yako ya kurudisha inakupunguzia aibu, haikuondolei deni. Mweleze pia habari ya ile robo, hata kama hajui. Ukiificha umemdhulumu mara ya pili. Kama huna, muombe muda, na Qur'ani imemwagiza mwenye kudai ampe nafasi aliye katika dhiki (2:280). Akikusamehe sehemu au yote, ni halali yako.

Kwa siku za mbele, mambo haya yapambanueni kabla fedha hazijapokewa. Zubayr bin Awwam, sahaba wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akiletewa mali aihifadhi, naye akijibu: hapana, uwe mkopo, kwa maana naogopa isipotee. Yaani alichagua kubeba dhamana mwenyewe, na akapata ruhusa ya kuitumia. Katika Bukhari imepokewa kwamba alipofariki deni lake lilikuwa 2,200,000. Mwanawe Abdullah akalilipa, na hata baada ya kulipa hakuwagawia warithi mpaka alipotangaza kwenye msimu wa hija miaka minne mfululizo, mwenye kumdai baba yake ajitokeze. Basi rafiki yako angetaka kulipwa kwa hali yoyote, njia ya halali ilikuwa hiyo: akukopeshe, bila nyongeza. Hiyo karatasi mliyosaini ilitaka dhamana ya mkopo kwa jina la amana.

Na ikiwa ni amana kweli, andika kiasi, tarehe na mashahidi wawili, na uzitenge na zako. Usimpe mtu mwingine azishike bila idhini ya mwenyewe. Uweke pia wasia unaosema ni za nani na ziko wapi, maana ukifa leo warithi wako wataikuta bahasha kabatini na kudhani ni tirka, yaani urithi wao.

Wallahu aalam.