Maswali ya Wasomaji: Mvinyo wa meza ya Krismasi

SWALI: Krismasi hii tutakuwa watu 12 nyumbani, na wanane kati yao wanakunywa mvinyo. Tunapika sangara wa kukaanga na ndimu, pilau ya nyama ya ng'ombe na kachumbari yenye pilipili. Mwaka jana tuliweka mvinyo mwekundu peke yake, na waliokula samaki walilalamika kwamba unaacha shombo mdomoni. Kasoro ilikuwa kwenye chupa au kwenye samaki? Safari hii ninunue upi, chupa ngapi?
*Msomaji, Nyegezi*

JIBU: Inawezekana kabisa chupa haikuwa na kasoro, na samaki naye hakuwa amechacha. Shombo huzaliwa pale wanapokutana. Mvinyo mwekundu mara nyingi una madini ya chuma mengi kuliko mweupe, na chuma hicho kikigusa mafuta ya samaki, mafuta huvunjika palepale mdomoni na kutoa harufu ya samaki aliyechacha. Sangara ana mafuta kuliko sato, kwa hiyo kwake hali huwa mbaya zaidi. Ongeza na ukakasi, ule unaokausha ulimi kama umeng'ata ndizi mbichi. Unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na pilipili huufanya uonekane mkali maradufu.

Kwa sangara basi, chukua mvinyo mweupe, mkavu (yaani usio mtamu), wenye uchachu. Uchachu ni wa lazima kwa sababu ya ndimu: mvinyo usio na uchachu, ukifuata samaki aliyekamuliwa ndimu, hugeuka kama maji. Ukinunua chupa moja ya majaribio mapema, lamba kipande cha ndimu kisha piga funda. Ladha ya mvinyo ikibaki hai, rudi ukanunue nyingine. Zabibu ya Chenin Blanc ndiyo tunayoipendekeza. Inalimwa Dodoma, na ya Afrika Kusini nayo inapatikana. Lakini jina la zabibu halitoshi, maana Chenin hutengenezwa mkavu na hutengenezwa mtamu pia. Soma lebo hadi uone neno "dry". Mtamu una kazi yake, ila ni kwenye keki, na hapo uwe mtamu kuliko keki yenyewe, la sivyo utaonekana mchungu.

Pilau ni habari nyingine. Bizari, mdalasini na karafuu vinapatana na mwekundu usio na ukakasi mwingi, na ule wa zabibu ya Syrah ya Dodoma unafaa kwa kuwa una harufu inayokaribia pilipili manga. Angalia kiwango cha kilevi: asilimia 12 hadi 13 inatosha. Ikifika 14 na zaidi, kila funda baada ya kachumbari litawasha koo. Mgeni anayetaka pilipili nyingi, mpe mweupe hata kwenye pilau. Hatuoni ubaya wowote hapo. Mvinyo hufuata viungo na ndimu kuliko unavyofuata aina ya nyama.

Hesabu: chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Watu wanane, glasi tatu kila mmoja kwa jioni nzima, ni glasi 24. Nunua chupa tano, tatu za mweupe na mbili za mwekundu. Wanne wasiokunywa waandalie juisi ya rosela na tangawizi, sukari kidogo, kwenye glasi zilezile. Uchachu wake unakwenda vizuri sana na samaki.

Dukani, usichukue chupa iliyosimama dirishani ikipigwa jua. Kizibo kilichoinuka au shingo yenye michirizi ya mvinyo uliovuja ni dalili kwamba ilishapata joto.

SWALI: Umeme ukikatika mchana wa sikukuu, nitapoza vipi? Na mwekundu si unanyweka bila kupozwa?
*Msomaji, Kirumba*

JIBU: Ushauri wa kunywa mwekundu kwa joto la chumba umetoka nchi za baridi, ambako chumba kina nyuzi 16 au 18. Mwanza mchana chumba kinafika 27 na kupita, na mvinyo wa joto hilo hunuka kilevi tu. Uweke kwenye friji dakika 30 kabla ya kumimina. Mweupe unahitaji saa tatu.

Friji ikizimika, chukua ndoo, tia barafu nusu, maji nusu, na chumvi viganja viwili. Zamisha chupa hadi shingoni, uizungushe mara kwa mara. Mweupe utakuwa tayari kwa dakika 20 hivi. Usiyaache maji: barafu peke yake hugusa chupa sehemu chache tu, maji huizunguka yote. Barafu ya kuhifadhia samaki, ile ya mwaloni, inafaa kwa ndoo hii, lakini isiingie kamwe kwenye glasi.

Kwenye friza usisahau chupa. Mvinyo ukiganda hutanuka, ukasukuma kizibo au ukapasua kioo.

SWALI: Kizibo kikikatikia ndani nifanye nini?
*Msomaji, Ilemela*

JIBU: Ingiza kizibuo tena kwa kukilaza pembeni, kishike kwenye ukuta wa chupa, uvute taratibu. Kizibo kikikataa kutoka, kisukume ndani na umimine kupitia chujio safi la chai. Mvinyo haujaharibika. Mara nyingi kizibo hukatika kwa sababu kizibuo hakikuingia katikati, au kiliingia nusu tu. Kizungushe hadi libaki duara moja nje ndipo uvute.

SWALI: Uliobaki utafika Mwaka Mpya?
*Msomaji, Igoma*

JIBU: Uliofunguliwa tarehe 25, ukifungwa vizuri na kukaa kwenye friji, mwekundu na mweupe pia, utanyweka siku tatu hadi tano. Tarehe 31 utakuwa umeanza kuelekea siki. Utie kwenye mchuzi wa nyama tarehe 29.