Duko imeikunja bodi ya Datsun yangu, naiokoaje?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga, kaka yangu aliyeko Muscat kaniletea seti ya kuunga gari dogo la mfano la plastiki, Datsun 240Z, ile nyekundu ya Safari Rally 1971, saizi 1/24. Mzee wangu anasema hizo gari aliziona kwa macho yake enzi za ujana, nataka nimtengenezee aweke juu ya kabati la tv. Sasa nilichukua duko nyekundu, ile rangi ya magari, iliyobaki gereji kwa jirani nikachanganya na thina ya kawaida nikapuliza na eabrashi (kipulizio kidogo cha rangi) ya kuazima. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, ukatoka poa, mkono wa pili ukaanza kujikunja palepale, asubuhi naamka bodi nzima ina nyufa kama tope la bwawa lililokauka na paa ukiligusa na ukucha linabonyea. Nimeshaiua au inaokoka? Na nikiiokoa nipige klia ya gereji (ile rangi angavu ya juu), ya kuchanganya na hardena ya kuigandisha, ili ing'ae? Boneti yake nyeusi isiyong'aa sijui naanzaje, na mzee mwenyewe anataka iwe na vumbi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole, pili usijione mjinga, mimi ndo nilikuwa mjinga zaidi yako maana nilikuwa tayari nimepiga rangi magari ya watu miaka sita pale nilipoharibu modeli yangu ya kwanza, Skyline, kwa staili hiyohiyo. Nilijiambia gari ni gari, duko ni duko, nikapuliza, nikaenda kula, narudi nakuta bodi imepinda kama chapati.

Kilichotokea ni hiki. Gari la kweli ni bati, thina ikifika pale haina cha kula, inapanda zake hewani inakuacha na rangi. Bodi yako ni plastiki inaitwa polistirini, na thina ya duko ndani yake kuna toluini, mara nyingi na asetoni, hivyo ndo vitu hasa vinavyoyeyusha polistirini. Yaani ni ndugu wa gundi uliyotumia kuungia hizo pisi, ile gundi haigandishi kama supagluu, inayeyusha plastiki mbili zikaungana. Kwa hiyo umepaka gundi nyembamba gari zima. Mkono wa kwanza ulipona kwa sababu ulikuwa mwepesi, thina iliruka kabla haijazama. Mkono wa pili uliupiga ukiwa umelowa, juu ya rangi ambayo bado ilikuwa na thina yake, ikakosa pa kutokea ikashuka chini. Ndo maana paa limelainika kuliko milango, paa liko bapa, rangi inatuama.

Inaokoka, ila usiishike leo. Iache wiki nzima sehemu yenye hewa, siyo juani, hadi ukucha ugome kubonyea. Plastiki iliyolainika inarudi kuwa ngumu thina ikitoka, lakini ukiipiga msasa ikiwa bado laini unaichuna kama maganda ya kiazi.

Ikikauka usirudie kosa kwa kuifuta na thina au petroli, watu wengi wanamalizia gari hapo. Nenda duka la spea kanunue fluidi ya breki, ile DOT 3 ya kawaida, tia kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, zamisha bodi, cheki kila baada ya masaa kadhaa, sugua taratibu na mswaki wa zamani. Vaa glovu na uangalie macho, ile kitu si juisi. Haili polistirini, inang'oa rangi tu. Kisha osha na sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu mara mbili tatu hadi utelezi uishe. Ile spiriti ya mafundi simu nayo inafaa kwa rangi nyepesi za modeli lakini kwa duko itakusumbua. Na nikuambie ukweli, pale rangi ilipozama ndani ya plastiki haitatoka yote, utabaki na madoa mekundu na zile nyufa. Hayo siyo ya kung'oa, ni ya kusawazisha. Msasa namba 400 wa maji kwenye paa, ukienda na maji, halafu 800, halafu 1000. Nyufa zilizogoma jaza na supagluu tone moja kwa njiti ya meno, subiri ikauke, piga msasa siku hiyohiyo maana ikilala inakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe na utachimba pembeni.

Kabla ya praima, ile rangi ya chini, kuna kazi moja usiiruke. Ule mstari wa mlango na boneti. Kwenye gari la kweli nafasi kati ya mlango na bodi ni kama milimita 5, gawanya kwa 24 unapata 0.2, huo ni mfereji mwembamba kuliko unavyodhani. Na rangi ya gari la kweli yote kwa pamoja, praima hadi juu, ni kama mikroni 100 mpaka 150 (mikroni 1000 ni milimita moja), ukigawa kwa 24 inabaki 4 mpaka 6. Hakuna binadamu anayepuliza mikroni 5 kwa matabaka yote, kwa hiyo rangi yako itakuwa nene tu hata ufanyeje, na mfereji utajaa. Chukua mgongo wa kisu cha kukatia karatasi, siyo makali, pitisha kwenye kila mstari mara tatu nne kwa kuuvuta kwako bila kukandamiza. Uchimbe zaidi ya inavyoonekana inatosha, rangi itarudisha. Mimi nikiona modeli ya mtu, kabla sijaangalia mng'ao naangalia mlango, kama mlango umezibwa na rangi hiyo ni toy.

Praima tumia ya modeli ya kopo, nyeupe au ya pinki, usitumie ya kijivu chini ya nyekundu, utapiga mikono mitano na bado itakuwa rangi ya maini. Kopo liloweke kwenye maji ya vuguvugu ya kuogea dakika kadhaa, usilichemshe na usiliweke karibu na moto, presha inapanda na matone yanatoka madogo. Umbali sentimita 20 mpaka 25, anza kupuliza nje ya bodi, pita, malizia nje ya bodi. Mkono wa kwanza uwe kama umande tu, bado uione plastiki. Subiri dakika 15. Na wewe uko Tanga, masika usipige rangi jioni wala baada ya mvua. Thina ikiruka inapoza uso wa rangi, mvuke wa hewani unatua pale, rangi inapauka kama kioo cha gari asubuhi. Mimi huku Dar napiga saa tano asubuhi mpaka saa nane, basi.

Nyekundu yenyewe nunua ya modeli kama mfuko unaruhusu. Kama haiwezekani na lazima utumie ya gereji, inawezekana, mimi nafanya, ila juu ya praima iliyokauka siku mbili, mikono myepesi minne mitano iliyo karibu kukauka inapotua, ukiona inang'aa kwa kulowa umeshazidisha. Na jaribu kwanza kwenye ile fremu iliyoshikilia pisi za seti, ndo plastiki ileile. Vijiko vya plastiki vya kwenye sherehe vinafaa pia lakini vikunje kwanza, kinachovunjika ghafla kwa mlio mara nyingi ni polistirini, kinachokunjika kikarudi ni plastiki nyingine na kitakudanganya. Bahati yako hii nyekundu ni ya kawaida bila metaliki. Siliva ya gereji kwenye 1/24 chembe zake zinaonekana kama kokoto, hata uifanyeje.

Sasa klia ya hardena. Jibu langu ni hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza mapafu yako. Hardena ya klia zile ina aisosayanati, ukiivuta unaweza kupata pumu isiyoondoka, na barakoa za kitambaa au zile za wakati wa korona hazizuii kitu, inatakiwa barakoa ya filta za kemikali na sehemu ya kupulizia yenye feni ya kutoa hewa nje. Mimi ninavyo vyote kwa sababu ndo kazi yangu na bado siipigi chumbani. Wewe utakuwa barazani na watoto wanapita.

Sababu ya pili ndo inayoniuma kama mpiga rangi. Datsun ya 1971 haikuwa na klia! Enzi hizo nyekundu ilikuwa rangi moja inayong'aa yenyewe, haina kile kioo juu yake kama magari ya leo. Watu wanaunga gari la miaka ya 70 halafu wanalimiminia klia mpaka linafanana na pipi, na wengine wanawapigia makofi. Hii gari Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari ya mwaka huo kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki, nyuma yao wa pili alikuwa Shekhar Mehta, mtoto wa Uganda, naye na 240Z vilevile, na mwaka 1973 akashinda mwenyewe. Hiyo gari ing'ae kama ya harusi kwa sababu gani? Piga nyekundu ya gloss, yaani inayong'aa, iache siku tatu, kama uso una vinundu kama ganda la chungwa pitisha msasa 2000 na maji kidogo, kompaundi laini ya kung'arishia kwa kitambaa cha fulana ya zamani, kwisha. Kwenye kona na mistari ya bodi usiguse kabisa, rangi pale ni nyembamba, ukipita mara mbili unaona praima.

Boneti. Subiri nyekundu iwe ngumu, angalau siku mbili. Tumia tepu ya modeli, ile ya njano ya karatasi, tepu ya dukani ya kubandikia maboksi itang'oa rangi. Ukishabandika, pitisha njiti ya meno ubavuni mwa tepu kuikandamiza. Sasa kuna ujanja, kabla ya nyeusi piga umande wa nyekundu ileile kwenye ukingo wa tepu. Kama kuna mahali tepu imeacha uwazi, nyekundu ndo itakayopenya kwanza na kuziba, na nyekundu juu ya nyekundu nani ataiona? Halafu nyeusi mati, isiyong'aa, mikono miwili. Tepu itoe rangi ikiwa haijakauka kabisa, ukiikunja kurudi nyuma, siyo kuivuta juu.

Stika za maji zinataka uso unaong'aa, ukiziweka juu ya mati hewa inabaki chini na zinaonekana na ukungu wa fedha pembeni. Kwa hiyo kama kuna stika ya kukaa kwenye boneti, boneti ipige nyeusi ya gloss kwanza, weka stika, ndo umalizie na klia ya mati ya modeli juu ya vyote. Stika ikigoma kulala kwenye mikunjo, dawa ya kulainishia ipo ya dukani, ukikosa siki nyeupe iliyopunguzwa na maji inasaidia kiasi.

Haya, vumbi la mzee. Usiende kuchota udongo wa kweli, najua utashawishika. Chembe ya mchanga ya nusu milimita kwenye 1/24 ni jiwe la milimita 12, gari litaonekana limetoka machimboni. Nunua chaki za pasteli za wachoraji, rangi ya kahawia na ya matofali, sugua juu ya msasa 400 upate unga, changanya mpaka ufanane na udongo mwekundu unaoujua wewe. Paka na brashi laini kavu. Vumbi lina njia zake, linajaa nyuma ya madigadi, chini ya milango, kwenye mfereji ule uliouchimba, na linapungua ukipanda kwenda kwenye paa. Mlango wa dereva karibu na kitasa uwe msafi kidogo, mtu ameshika pale. Usipulize klia juu ya vumbi, linapotea lote, na kwa sababu litakaa kabatini hakuna atakayelishika.

Vioo vishike na gundi nyeupe ya mbao, supagluu inatoa moshi unaovipaka ukungu na hautoki. Kwenye kioo cha mbele kata vipande viwili vya tepu umbo la njia ya waipa, bandika, paka vumbi kioo kizima, halafu bandua. Cha nyuma kiache na vumbi lake lote, 240Z haikuwa na waipa ya nyuma.