Wasomaji Wanauliza: William Hoy, kiziwi aliyelinda katikati ya uwanja

Makala yetu kuhusu William Ellsworth Hoy imeleta barua nyingi. Kwa ambaye hakuisoma: Hoy alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1862, akapoteza usikivu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, akasoma shule ya viziwi mjini Columbus na kujifunza ushonaji viatu. Kuanzia 1888 hadi 1902 alicheza misimu 14 katika ligi kuu za besiboli, mchezo ambao mpigaji huupiga mpira kwa gongo kisha hukimbia kupitia besi nne, ya mwisho ikiitwa nyumbani. Karibu misimu yote alilinda uwanja wa nyuma, katikati, kazi yake ikiwa kudaka mipira iliyopigwa mbali.

*Ndugu mhariri, mimi hufundisha michezo shule ya msingi. Walinzi wa nyuma huitana kwa sauti ili wasigongane. Kiziwi aliwezaje? – Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, umegusa penyewe. Mpira ukipigwa juu, watu wawili au watatu huukimbilia wakiwa wamekaza macho angani, na hakuna anayemwona mwenzake. Sauti ndiyo breki yao. Sasa Hoy aliweza kutoa sauti, ila hakuweza kupokea. Kwa hiyo alipanga na wenzake kanuni ya upande mmoja, akaieleza bayana kwa wote wanne waliomzunguka: mlinzi wa kushoto, wa kulia, wa besi ya pili, na yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Mpira anaoufuata yeye, atapiga kelele, nao wamwachie. Wasiposikia kelele, wajue haufuati, wafanye wanavyoona inafaa. Waliocheza naye walikumbuka kuwa ilikuwa sauti ndogo ya kooni, na iliwatosha.

Angalia jinsi kanuni hiyo ilivyofungwa vizuri. Ukimya nao ulikuwa na maana, kwa hiyo hapakubaki nafasi ya kubahatisha. Tena hakuna aliyehitaji kumjibu. Kwa sababu hiyo katikati palimfaa kuliko pembeni: kwa desturi ya mchezo, mlinzi wa kati ndiye mwenye haki ya kwanza juu ya mpira anaougombea na wa pembeni. Kumweka Hoy kushoto kungemlazimu kusikia amri ya mwingine.

Na mlio wa gongo je? Mlinzi mzoefu huusikiliza, kwa kuwa pigo lililoshika sawasawa hulia tofauti na lililochubua. Hoy hakuwa na msaada huo. Lakini mtu akisimama mita 80 kutoka kwa mpigaji, sauti huchukua karibu robo sekunde kumfikia, na macho yameshaona. Aliyejizoeza kusoma gongo na mpira kwa macho anaondoka mapema. Ushahidi ni wa tarehe 19 Juni 1889, alipoichezea Washington dhidi ya Indianapolis: wakimbiaji watatu walijaribu kufika nyumbani, na mara zote tatu mtupo wa Hoy kutoka uwanja wa nyuma ulimfikia mdakaji Connie Mack, mlinzi wa nyumbani, kwa wakati, wakatolewa.

*Nilisoma kwamba waamuzi walianza kuonyesha straiki kwa mkono kwa ajili yake. Ni kweli? – Msomaji, Mombasa*

Straiki ni mpira uliorushwa sawasawa ambao mpigaji ameuacha, au aliojaribu kuupiga akaukosa; akifikisha tatu, anatoka. Habari hiyo imeenea sana, na tunaipenda, lakini jinsi inavyosimuliwa si sawa. Aliyemwonyesha ishara ni kocha wa timu yake mwenyewe.

Mwaka 1886 Hoy alianza kazi ya kulipwa Oshkosh, Wisconsin. Kila mpira ukipita ilimbidi ageuke kumtazama mwamuzi ajue kama ni straiki au la. Warushaji waligundua, wakawa wanarusha unaofuata kabla hajakaa sawa. Piga picha: miguu bado inatafuta mahali, gongo halijapanda begani, na mpira uko njiani. Msimu huo wastani wake ulikuwa 0.219, yaani mapigo safi 219 kwa kila zamu 1,000. Akamwomba kocha aliyesimama besi ya tatu ainue mkono wa kulia kwa straiki, wa kushoto kwa mpira uliokwenda nje. Shingo ikapumzika: kwa kutupa jicho kidogo tu aliipata hesabu bila kuvunja mkao. Mwaka 1887 wastani ukapanda hadi 0.367. Tuwe waangalifu, hata hivyo. Mwaka huo sheria zilimpa mpigaji straiki nne badala ya tatu, na besi ya bure, anayopewa mpigaji mrushaji akirusha nje mara kadhaa, ikahesabiwa kama pigo, hivyo wastani wa wapigaji wengi ulivimba. Ishara zilimsaidia, ila si kupanda kote kulitokana nazo.

Waamuzi wenyewe walizoea kutumia mikono miaka ya mwanzo ya 1900, Hoy akiwa ameshaondoka au yu mlangoni. Bamba la mwamuzi Bill Klem katika jumba la heshima la besiboli mjini Cooperstown linampa yeye sifa hiyo. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba Hoy alionyesha ishara zinafanya kazi, mbele ya watazamaji, kwa miaka mingi.

*Besi 82 za kuiba msimu wa kwanza! Mbona wachezaji wa leo hawafiki huko kirahisi? – Msomaji, Muscat*

Kuiba besi ni mkimbiaji kuchomoka kwenda besi inayofuata bila mpira kupigwa. Alikuwa na mbio kweli, na 82 za 1888 zilikuwa nyingi kuliko za yeyote katika National League, mojawapo ya ligi kuu. Ila kabla ya 1898 neno "kuiba" lilibeba zaidi. Mkimbiaji aliye besi ya kwanza, mwenzake akipiga pigo la besi moja naye akafika ya tatu, ile besi ya ziada aliandikiwa kama ya wizi. Leo hahesabiwi. Katika misimu yake 14, kumi iko chini ya hesabu ya zamani. Basi jumla yake, karibu 600, usiilinganishe moja kwa moja na ya mchezaji wa sasa; mlinganishe na wa wakati wake.

Kipimo kinachomtendea haki zaidi, kwa maoni yetu, ni uvumilivu wake kwenye gongo. Mwaka 1901, akiwa na miaka 39, alipata besi za bure 86 akiwa na Chicago White Sox, nyingi kuliko zote katika American League, ligi kuu nyingine, na timu ikatwaa ubingwa.

*Aliishia wapi? – Msomaji, Kigoma*

Alifuga ng'ombe wa maziwa karibu na Cincinnati. Tarehe 7 Oktoba 1961, akiwa na miaka 99, alirusha mpira wa ufunguzi wa mechi ya tatu ya fainali mjini humo. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Cincinnati Reds walimwingiza katika jumba lao la heshima mwaka 2003, Cooperstown bado.