Beetle iliyolala stoo: usiisukume

Kwa aliyeuliza namna ya kuiwasha tena Volkswagen Beetle 1300 ya marehemu babu yake iliyokaa stoo Moshi miaka 20: betri mpya isubiri, na usiisukume kuiwasha. Ringi za pistoni zikiwa zimeganda ndani ya silinda, utazivunja.

Fungua plagi zote 4, mimina kijiko cha chakula cha ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) kila tundu, acha siku 3. Kisha zungusha injini kwa mkono, spana namba 30 kwenye boliti ya puli ya krenki. Ikigoma, usichomeke bomba kwenye spana kuongeza nguvu; ongeza siku. Chungulia pia kwenye kava la feni. Injini hii inapozwa kwa hewa, na kiota cha panya humo kinatosha kuiunguza. Oili ya injini ni lita 2.5 tu, safisha pia chujio lake la wavu chini.

Tangi limwage lote. Mipira ya petroli badilisha yote bila huruma, hasa ule unaopita juu ya injini: ukipasuka, petroli inamwagikia distribyuta, kigawa umeme cha plagi, na gari linawaka moto. Breki nazo ni raba mpya, maana oili ya breki hunyonya maji na pistoni za breki hushika kutu.

Karatasi: namba ya chesisi imegongwa chini ya kiti cha nyuma, ya injini chini ya stendi ya jenereta. Linganisha na kadi ya gari kabla ya kwenda TRA kubadilisha umiliki, kwani injini za Beetle zilibadilishwa sana. Barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani ndiyo ianze.