Ziba upepo kwanza, hita baadaye: jibu kwa dada anayesubiri baridi yake ya kwanza Minnesota

Dada yangu, pole na safari, na hongera kwa kufika salama. Umeeleza kwamba mlitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, mwezi wa Juni, mkapanga ghorofa ya juu katika nyumba ya mbao ya zamani hapa Saint Paul, watu sita pamoja na mama mkwe wako, na kwamba mmeweka akiba ya dola 300 kwa ajili ya maandalizi. Umeuliza kama ni busara kununua hita mbili za umeme sasa, mwezi huu wa Septemba. Nimekwishapitisha majira kumi na moja ya baridi katika jimbo hili, na ushauri wangu ni kwamba hita zisubiri. Fedha zenu za kwanza ziende kuziba upepo, kwa sababu nyumba inayovuja haishiki joto hata ukiiwashia moto wa namna gani.

Kosa hilo nililifanya mwenyewe mwaka wangu wa kwanza. Nilinunua hita mbili, moja ya chumba cha watoto na moja ya chumba chetu, nikaziacha zikiwaka usiku kucha. Hita ya kawaida hutumia wati 1,500, kwa hiyo ikiwaka kwa muda wa saa 8 imekula uniti 12, na hita mbili kwa mwezi mzima ni uniti 720. Sisi tuliokulia kwenye umeme wa LUKU, unaolipiwa kabla ya kutumiwa, tumezoea kuona uniti zikipungua mbele ya macho yetu, lakini hapa bili huja mwezi ukiwa umekwisha, na hakuna la kupunguza tena. Bili ya Januari ilipofika niliisoma mara tatu nikitafuta walipokosea, na wakati huohuo mtoto wangu mdogo alikuwa bado analala na sweta na kofia.

Aliyetuonyesha tatizo lilipo ni mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa jirani yetu. Alikuja jioni moja yenye upepo, akaomba kijiti cha udi, akakiwasha na kukipitisha polepole kando ya fremu ya dirisha la sebuleni, huku pazia tukiwa tumelivuta mbali. Katikati ya kioo moshi ulipanda wima. Alipofika kwenye kona ya chini, ulilala ghafla ukaelekea ndani ya chumba. Tukaenda mlangoni, ukalala tena. Tukaenda kwenye soketi ya umeme iliyo katika ukuta wa nje, na hapo pia, mahali ambapo nisingepadhania kamwe, moshi ulisukumwa. Nyumba yote tuliimaliza kwa vijiti viwili, na kila mahali moshi ulipolala nilibandika kipande cha karatasi ili nipakumbuke kesho yake.

Anza na lisilo na gharama. Madirisha mengi ya nyumba za zamani hapa hupandishwa na kushushwa, na dirisha linaweza kuonekana limeshuka kabisa ilhali halijafungwa kitasa. Kitasa ndicho kinachobana vipande viwili vya dirisha visiachane. Kagua kila kimoja. Mlangoni, kata mguu mmoja wa suruali kuukuu ya jinzi, ujaze matambara, ushone ncha zote mbili, kisha uulaze chini ya mlango kila jioni. Ule wetu umedumu miaka minane. Pembeni mwa mlango bandika utepe wa sponji wenye gundi, ambao huuzwa kwa dola chache katika maduka ya vifaa vya ujenzi.

Madirishani, nunua ile plastiki angavu inayouzwa mahususi kwa kazi hii pamoja na utepe wake wa gundi ya pande mbili. Pakiti moja hutosha madirisha kadhaa. Futa fremu hadi iwe kavu kabisa, bandika utepe kuizunguka, tandaza plastiki juu yake, kisha ipulizie kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka mikunjo yote itoweke na plastiki ikaze kama ngozi ya ngoma. Usiiache iguse kioo, kwa maana hewa iliyonaswa kati ya plastiki na kioo ndiyo inayozuia baridi. Kazi hii ifanyike kabla ya Oktoba kwisha, kwa kuwa gundi haishiki vizuri kwenye fremu iliyopoa. Kabla ya kubandika chochote mjulishe mwenye nyumba, na umwombe pia abadilishe chujio la mashine inayopasha nyumba nzima joto, kwani likijaa vumbi mashine hufanya kazi kubwa na joto hutoka kidogo.

Nyumba ikishazibwa, unyevu nao hubaki ndani, na hapa familia zetu huumia kwa sababu tunachemsha maharage na makande kwa saa nyingi. Vioo hutoka jasho, maji hujikusanya chini ya dirisha, na baada ya wiki chache ukungu mweusi huota ukutani. Washa feni ya jikoni unapopika na ya bafuni mnapooga, na kila asubuhi futa vioo kwa kitambaa kikavu.

Sasa niseme jambo ambalo naomba ulifikishe kwa kila mtu wa nyumbani kwako, hasa mama mkwe. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya nyumba, hata kama umeme umekatika, hata kwa dakika kumi, hata kama dirisha moja liko wazi. Mkaa unapowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huanza kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi, kisha huua. Kijijini moshi ulipenya kwenye paa na matundu ya ukuta. Nyumba iliyozibwa kwa plastiki na sponji haina pa kuutolea. Nimewahi kuamshwa saa tisa usiku kusaidia familia ya watu wetu iliyokuwa imeingiza jiko sebuleni baada ya umeme kukatika, na kilichowaokoa ni king'ora kilicholia kabla hawajadhurika. Hakikisha king'ora cha gesi hiyo kipo karibu na vyumba vya kulala na kinafanya kazi. Bonyeza kitufe chake cha kujaribia leo hii. Oveni ya gesi nayo isitumiwe kupasha nyumba joto.

Zipo pia haki ambazo wageni wengi hawazijui. Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba, pale ambapo mpangaji hawezi kuongoza joto mwenyewe, ahakikishe nyumba ina angalau nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani nyuzi 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Katika kipindi hichohicho ipo kanuni inayowalinda wateja wasikatiwe huduma inayopasha nyumba joto, lakini ulinzi huo haujileti wenyewe: ni lazima upige simu, mkubaliane mpango wa malipo, na uutimize. Deni halifutwi. Aidha, jimbo lina mpango wa msaada wa nishati kwa kaya ambazo kipato chake hakizidi nusu ya kipato cha kati cha jimbo, na wapangaji nao wanastahili. Fedha hizo si mkopo. Piga namba ya simu ya msaada, 211, uulize ofisi inayohudumia eneo lenu, uombe mkalimani wa Kiswahili bila kuona haya, na utume maombi mapema, kabla ya bili kubwa kufika.

Kuhusu mavazi, nunueni mitumba ili akiba yenu ifike mbali. Jaribu zipu ya kila koti mara kadhaa na ukague mishono. Ndani kabisa mtoto asivae fulana ya pamba siku ya baridi kali, kwa sababu pamba ikilowa jasho hubaki mbichi na kumpoza. Sufu au kitambaa cha michezo hufaa zaidi, kisha sweta, kisha koti la kuzuia upepo. Buti ziwe na nafasi ya soksi nene, maana buti inayobana hupunguza mzunguko wa damu na vidole huganda upesi. Mkipewa lifti, mvue mtoto koti nene kabla ya kumfunga kwenye kiti chake cha gari, kisha mfunike nalo juu ya mikanda, kwani mikanda iliyofungwa juu ya koti huwa imelegea bila kuonekana.

Baridi yenyewe msiichukulie kwa mazoea. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo hapa kilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, na upepo ulifanya iwe kali kuliko hapo. Siku za namna hiyo fungua kidogo bomba la jikoni usiku ili maji yadondoke na yasigande ndani ya ukuta, na uache wazi milango ya kabati iliyo chini ya sinki ili joto la chumba lifike kwenye mabomba. Chumba cha mama mkwe kisipungue nyuzi zile 68 hata usiku, kwa sababu mwili wa mzee hupoteza joto bila yeye kuhisi. Ikiwa baada ya kuziba kila mahali chumba hicho bado kitakuwa baridi, basi nunueni hita moja kwa ajili yake, ichomekwe moja kwa moja ukutani na si kwenye ekstensheni, na ikae mbali na mapazia na matandiko.

Upepo ukivuma jioni ya leo au kesho, washa udi, na uanze na dirisha la chumba chake. Ukishajua moshi unalala wapi, andika hapa idadi ya madirisha na upana wake, nami nitakusaidia kukadiria plastiki na utepe kabla hujatoa hata dola moja.