West Stow, Uingereza: kwa anayeuliza kama panafaa kwenda na watoto

Mkuu, umeuliza kama vijiji vya makumbusho vya enzi za kati vinastahili nauli na kiingilio, au ni vibanda tu vya kupigia picha. Mimi naishi Uingereza na nilikofika mwenyewe ni West Stow, kule Suffolk, basi nitasemea hapo.

Usitegemee ngome wala mashujaa wa deraya. Ni kijiji cha wakulima wa Kianglo-Saksoni, mababu wa Waingereza, walioishi kando ya mto Lark kuanzia mwaka 420 hivi hadi 650. Baadaye mchanga wa upepo ukafukia kila kitu, ndiyo maana mwanaakiolojia Stanley West na wenzake, walipochimba kati ya 1965 na 1972, walikuta alama za nguzo na mashimo ya nyumba bado zinasomeka. Nyumba zilianza kujengwa upya 1974, palepale.

Utamu uko kwenye hayo mashimo. Kila kijumba kilikuwa na shimo chini, na wataalamu wakabishana: watu waliishi shimoni humo, au shimo lilikuwa chini ya sakafu ya mbao? Wakajenga za aina zote mbili waone. Ingia ile ya kushuka shimoni, unyevu unakupokea mlangoni. Kisha ingia yenye sakafu ya mbao: pakavu, mtu unakaa kwa raha zako. Mimi niko upande wa mbao, na naona hata wataalamu wa pale wanaegemea huko.

Pale Dar, Kijiji cha Makumbusho kina bahati: bado wapo wazee wa kuulizwa nyumba ya kwao hujengwaje. Waliojenga upya West Stow walikuwa na madoa ya nguzo ardhini tu. Paa lote ni makisio, na wanakwambia wazi. Hilo nimelipenda kuliko yote.

Watoto? Wangu waliganda kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, kilichoegemezwa ukutani, nyuzi za mtande zikivutwa chini na vizito vya udongo vyenye tundu katikati. Moto ulipowashwa wakatoka mbio wakifikicha macho, maana dohani hakuna, moshi unajipenyeza kwenye nyasi za paa. Sisi tuliokulia kwenye mafiga tulibaki ndani tukipiga soga.

Angalia kwanza siku za maonyesho, watu wanapovaa kizamani na kufanya kazi za mikono. Siku nyingine pamepoa mno kwa watoto. Kutoka Bury St Edmunds ni kama kilomita 10. Kama huna gari, changeni teksi.